Mtu Asiyegusa Mpira: Bill Willis na Kazi ya Mstari wa Mbele

Fainali ya futiboli ya Kimarekani, ile inayoitwa Super Bowl, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Jumapili ikiwa imeshageuka Jumatatu. Wengi wanaokesha huku kwetu wanangojea muziki wa wakati wa mapumziko. Safari iliyopita nilikesha na mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili anayeijua soka kwelikweli. Alitazama kimya kwa dakika kama ishirini, kisha akauliza: "Mjomba, hawa wanene wa mbele kazi yao nini hasa? Tangu tuanze hakuna hata mmoja aliyegusa mpira."

Swali hilo hurudi mitandaoni kila Februari. Watu hao huitwa mizigo, matrekta, wapiga mieleka waliopotea njia. Ndani yake kuna swali kubwa zaidi: mtu ambaye hafungi, hapigi pasi na hakimbii na mpira, anawezaje kuitwa gwiji? Usiku ule nilimjibu mpwa wangu kwa maneno machache. Jibu lenyewe linahitaji nafasi, na njia ninayoiamini ni kumfuata mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi yake. Namchukua Bill Willis, aliyeichezea Cleveland Browns kuanzia 1946 hadi 1953. Ukimwelewa yeye umefungua mafundo mawili: la mstari wa mbele, na la rangi, maana Willis ni mmoja wa Weusi wanne walioufungua tena mlango wa futiboli ya kulipwa ya Marekani baada ya miaka 12 ya kufungwa.

Kwanza mchezo wenyewe, maana bila huo mengine hayakai.

Futiboli ya Kimarekani ni ndugu wa soka na raga; asili yao ni michezo ya mpira iliyochezwa katika shule za Uingereza karne ya 19. Anayefuatilia raga ya Kenya ana nafuu. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mstari wa mwisho wa huku na wa kule, kama mita 91. Kila timu huingiza watu 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ili isogee yadi 10, yaani mita 9 hivi. Ikifanikiwa, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Ikiuvukisha mpira mstari wa mwisho imepata tachidauni, pointi 6. Ikikwama njiani inaweza kuupiga kwa mguu upite kati ya nguzo mbili ndefu, ikapata pointi 3.

Kinachowachanganya watu wa soka ni kule kusimamasimama. Soka inatiririka, mchezo huu unakwenda kwa vituo, kama basi. Wachezaji wanakusanyika kupeana shauri, wanajipanga, zinapita sekunde chache za vurugu, filimbi inalia, wanaanza upya pale mpira ulipoishia. Mpira ukilala chini, chora akilini mstari unaoukata uwanja kwa upana hapo ulipolala. Timu moja iko upande huu, nyingine upande ule, pua kwa pua, na hakuna anayeruhusiwa kuuvuka mpaka mpira uondoke chini. Hapo mstarini ndipo wanapoishi watu wetu.

Upande wa timu yenye mpira wapo watano. Katikati ni senta, ndiye anayeuinua mpira na kuurudisha nyuma kati ya miguu yake kumpa kotabeki, yaani mpangaji wa mashambulizi. Kulia na kushoto kwa senta wapo magadi wawili, na nje ya hao wapo wawili wengine, kwa kawaida warefu na wazito zaidi. Sheria inasema watano hawa hawaruhusiwi kukimbilia mbele wakadaka pasi, isipokuwa kwa mpangilio maalumu unaotangazwa kwa mwamuzi. Basi mpwa wangu alikuwa ameona karibu sawasawa: ukimwacha senta anayeuanzisha, hawagusi mpira kwa sababu sheria imewanyima. Ng'ambo ya mstari wanakabiliwa na mstari wa walinzi, ambao kazi yao ni kupenya, kumfikia mwenye mpira na kumwangusha.

Sasa jiulize kotabeki anahitaji nini ili apige pasi. Anahitaji wenzake wafike mbali, ainue macho, achague, arushe. Hizo ni sekunde mbili, tatu. Nani anampa? Wale watano. Nani anazikwapua? Wale wa ng'ambo. Biashara nzima ya mstari wa mbele ni muda. Mmoja anaununua kwa bega lake, mwingine anauiba. Ukishaliona hilo huwezi tena kuutazama mchezo kwa macho ya mwanzo.

Na muda huo hauibiwi kwa uzito peke yake. Panda daladala saa kumi na mbili jioni uone. Anayeingia mlangoni kwanza si lazima awe mnene kuliko wote. Ni yule aliyesimama pahali pazuri, akashusha bega, akajitupa nusu sekunde kabla ya wenzake hawajajua gari imesimama. Au msaidie mwenzio kusukuma gari lililozama kwenye tope: ukisukuma umesimama wima halitikisiki, ukiinama mpaka mgongo ukalala linaanza kunyanyuka. Aliye chini humnyanyua aliye juu. Mtu wa mstari hufundishwa hayo miaka na miaka: kuinama, kuondoka mapema, kuweka mikono ndani ya mikono ya mwenzake. Ndiyo maana mstari unaweza kumtoa gwiji mwenye uzito mdogo, na Willis ndiye ushahidi wangu. Alikuwa na urefu wa mita 1.88 na uzito wa kilo kama 97. Watu wa mstari wa leo wengi wao wamepita kilo 136. Hata kwa zama zake alipangwa mara kwa mara na watu waliomzidi.

William Willis alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1921 mjini Columbus, jimbo la Ohio. Alipoingia shule ya sekondari ya East High alimkuta kaka yake ameshaacha jina kubwa pale kama mkimbiaji wa mpira. Mdogo mtu hakutaka kupimwa kwa kivuli cha kaka yake, akachagua mstari. Jambo hilo dogo la nyumbani lina uzito katika habari hii. Willis hakusukumwa mstarini kwa kukosa mbio. Alizikimbia mbio fupi za yadi 60 na yadi 100 kwa ajili ya chuo chake. Mbio alikuwa nazo, akaamua kuzitumia mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuzikuta.

Chuo chenyewe ni Ohio State, hapo hapo Columbus, chini ya kocha kijana aliyeitwa Paul Brown. Mwaka 1942 timu hiyo ikatangazwa bingwa wa taifa wa vyuo, mara ya kwanza katika historia yake. Brown alimwona Willis kwa karibu, na hilo baadaye litakuwa na maana kuliko cheti chochote.

Hapa inabidi tusimame, maana mkanganyiko mkubwa unaanzia hapa. Ukiuliza nani Mweusi wa kwanza kuvunja ukuta wa rangi katika michezo ya kulipwa ya Marekani, utaambiwa Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli wa Brooklyn Dodgers, tarehe 15 Aprili 1947. Robinson anastahili kila heshima anayopewa. Lakini msimu wa futiboli wa 1946 ulikuwa umeshachezwa na kumalizika Robinson akiwa bado hajaingia uwanjani na Dodgers, na katika msimu huo walikuwepo wanne: Kenny Washington na Woody Strode kwa Los Angeles Rams, Bill Willis na Marion Motley kwa Cleveland Browns. Washington na Strode walikuwa wamecheza futiboli chuo kimoja na Robinson huyohuyo, UCLA, mwaka 1939. Kwa haki yake, Robinson alikuwa ameshasaini na Dodgers tangu Oktoba 1945, akatumikia mwaka wa 1946 katika timu yao ya daraja la chini huko Montreal. Historia hizi mbili zilikuwa zinakwenda bega kwa bega.

Wengine hukosea upande wa pili, wakasema wanne hao ndio Weusi wa kwanza kabisa katika futiboli ya kulipwa. Hapana. Charles Follis alilipwa kucheza huko Shelby, Ohio, mwaka 1904. Fritz Pollard alicheza na Akron Pros mwaka 1920, ilipoanza NFL, ligi kuu ya futiboli ya kulipwa ya Marekani mpaka leo, na mwaka uliofuata akawa kocha wao. Na kwa sisi tunaozungumzia mstari wa mbele, jina la kushika ni Duke Slater, mtu wa mstari, Mweusi, aliyecheza kutoka 1922 hadi 1931 na kuhesabiwa miongoni mwa bora wa zama zake. Mlango ulikuwa wazi, ingawa mwembamba. Ulifungwa baada ya msimu wa 1933. Tangu 1934 hadi 1945 hakuna Mweusi hata mmoja aliyecheza NFL.

Je, kulikuwa na sheria? Watu huuliza wakitaka kuonyeshwa karatasi, na karatasi haipo. Wenye timu walikana kwamba kulikuwa na katazo lolote. Lakini miaka 12 mfululizo, timu zote, bila hata mchezaji mmoja, katika nchi ambayo vyuo vyake vilikuwa vinawatoa kina Kenny Washington? Kwa maoni yangu mapatano ya kimyakimya ni mabaya kuliko sheria, kwa sababu sheria unaweza kuipeleka mahakamani. Kimya unakishtaki wapi?

Kimya kile kilivunjwa kwa njia mbili tofauti mwaka uleule. Los Angeles, Rams walikuwa wamehamia kutoka Cleveland na wakataka kuutumia uwanja wa Coliseum. Uwanja ule ulikuwa mali ya umma, umejengwa kwa kodi za watu wote, Weusi wakiwemo. Waandishi wa magazeti ya Weusi, mbele yao Halley Harding, wakaiuliza kamati ya uwanja itawezaje kuukodisha kwa timu inayowabagua wenye uwanja. Rams wakamsaini Washington mwezi Machi 1946, na Strode akafuata.

Cleveland habari ilikuwa nyingine. Rams walipoondoka waliacha nafasi, na Paul Brown alikuwa anaunda timu mpya iliyopewa jina lake, Browns, katika ligi mpya iliyoitwa AAFC. Ligi hiyo ilikuwa mshindani wa NFL, si daraja lake la chini. Hili huwatatiza wasomaji wengi wanaoona Willis ametajwa kama mwanzilishi na wakati huohuo hakuwa NFL mwaka 1946. Zote mbili zilikuwa ligi kuu za kulipwa. Willis mwaka 1945 alikuwa anafundisha timu ya chuo cha Kentucky State, na kiangazi cha 1946 alikuwa anajiandaa kwenda Canada kujaribu bahati na Montreal Alouettes. Mwandishi wa michezo wa gazeti la Columbus Dispatch akampigia simu akamshauri apitie kambi ya Browns kule Bowling Green, Ohio, kabla hajavuka mpaka. Brown hakutangaza kitu, wala hakufanya mkutano na waandishi. Mtu wake alifika kambini kama anapita njia.

Sasa nakuomba ukae nami kambini pale kidogo, maana kazi nzima ya mstari imo katika zoezi moja.

Senta wa Browns alikuwa Mo Scarry, mzoefu, aliyekuwa senta wa Rams walipotwaa ubingwa wa NFL mwaka 1945. Willis akawekwa mbele yake, amechuchumaa, mkono chini. Scarry akauondoa mpira, na kabla hajainua kichwa Willis alikuwa ameshampita, yuko kwa kotabeki. Wakarudia. Yaleyale. Wakarudia tena. Senta akalalamika: huyu anaotea! Neno hilo wapenzi wa soka wanalijua, na hapa maana yake ni kwamba ameuvuka mstari kabla mpira haujaondoka. Makocha wakasogea, wakauangalia mstari kwa karibu. Hakuwa ameotea. Willis alieleza siri yake mwenyewe: alikuwa hatazami uso wa senta wala hasikilizi kelele za kotabeki. Alikuwa anatazama vidole. Mtu akitaka kuuinua mpira, vidole vyake huukaza kwanza. Kukaza huko ni sehemu ndogo ya sekunde kabla mpira haujasogea, na kwa mkimbiaji wa yadi 60, mtu aliyezoea kuondoka na mlio wa bastola, sehemu hiyo inatosha.

Kipa anayengoja penalti anafanya kazi ya aina hiyo, anausoma mguu au kiuno cha mpigaji. Tofauti ni kwamba kipa huyafanya hayo mara chache kwa mwezi. Mtu wa mstari huyafanya kila jaribio, makumi ya mara kwa mechi, na karibu kila mara akiishia kifuani kwa mtu anayempiga.

Willis akapewa mkataba. Siku chache baadaye Motley naye akaitwa, mtu wa Canton, Ohio, ambaye Brown alikuwa amemfundisha katika timu ya jeshi la majini. Motley mwenyewe aliamini kwamba mwanzoni aliitwa ili Willis awe na Mweusi mwenzake wa kulala naye chumba kimoja safarini. Hata kama ndivyo, Motley akawa mmoja wa wakimbiaji wakubwa wa zama zile.

Tarehe 6 Septemba 1946 Browns walicheza mechi yao ya kwanza, Cleveland, mbele ya watazamaji 60,135, dhidi ya Miami Seahawks. Wakashinda 44 kwa 0, Willis na Motley wakiwa ndani. Mwezi Desemba ikaja zamu ya kwenda Miami kwa mechi ya marudiano. Sheria za ubaguzi za Florida hazikuruhusu Weusi na Weupe kucheza pamoja, na vitisho vilikuwa vimeshatumwa. Wale wawili wakabaki Ohio. Browns wakashinda 34 kwa 0 bila wao. Ukisoma matokeo tu utadhani mechi hizo zinafanana.

Uwanjani kwenyewe walitukanwa, wakapigwa ngumi ndani ya rundo la watu pale ambapo mwamuzi haoni au hataki kuona, wakakanyagwa mikono kwa njumu. Hapo ujue kwamba mkono wa mtu wa mstari uko chini, ardhini, kila anapojipanga. Tena helmeti nyingi za miaka ile hazikuwa na kikingio cha uso. Vikingio vilienea katikati ya miaka ya 1950. Brown aliwaambia mapema kwamba wakirudisha ngumi watakuwa wamewapa wabaya wao sababu waliyokuwa wanaitafuta. Mimi naona hili halipimwi vya kutosha. Tunamsifu Robinson kwa kujizuia, naye alijizuia katika mchezo ambao kugusana ni kwa nadra. Willis alijizuia katika kazi ambayo kila jaribio ni mgongano, na ambayo kuumizwa kwa makusudi ni rahisi kuonekana kuwa bahati mbaya.

Kuhusu mafanikio ya timu nitapita haraka. AAFC iliishi miaka minne, 1946 hadi 1949, na Browns walichukua ubingwa miaka yote minne. Mwaka 1948 hawakupoteza mechi hata moja. Ligi ilipokufa, timu tatu zikaingizwa NFL: Cleveland, San Francisco na Baltimore. Wengi walisubiri kuona Browns wakiaibishwa na wakubwa. Mechi yao ya kwanza, tarehe 16 Septemba 1950, walikutana na Philadelphia Eagles, mabingwa wa NFL wa miaka miwili mfululizo, huko huko Philadelphia. Wakawafunga 35 kwa 10.

Mechi inayomhusu Willis hasa ni ya tarehe 17 Desemba mwaka huo. Browns na New York Giants walikuwa wamemaliza wakiwa sawa, ushindi 10 na kufungwa mara 2. Mara zote mbili Browns walizofungwa, waliowafunga ni Giants haohao. Ikabidi wacheze mechi ya kuamua, Cleveland, katika baridi kali na ardhi iliyoganda. Pointi zilikuwa za kuokota. Ndipo Gene Roberts wa Giants, mkimbiaji aliyepewa jina la utani la Choo-Choo kama mlio wa garimoshi, akachomoka akaona uwanja mtupu mbele yake. Mtu wa mstari kazi yake imeshakwisha hapo. Yuko nyuma, ametoka kusukumana, na anayekimbia ni mtu anayelipwa kwa kukimbia. Willis akageuka akamfukuza. Akamkuta yadi 4 kutoka mstari wa mwisho, chini ya mita 4, akamwangusha. Giants hawakupata tachidauni siku ile. Browns walishinda 8 kwa 3, na wiki iliyofuata, tarehe 24 Desemba, wakawa mabingwa wa NFL kwa kuwafunga Los Angeles Rams 30 kwa 28, kwa mpira uliopigwa na Lou Groza zikiwa zimebaki sekunde 28.

Groza jina lake liko kwenye ubao wa matokeo. Roberts yadi zake zilihesabiwa. Willis je? Hapa ndipo penye fundo la mwisho. Miaka ile hakukuwa na hesabu rasmi ya nani amemwangusha nani. Hata kumwangusha kotabeki kabla hajarusha mpira, jambo ambalo leo lina takwimu yake maarufu na mamilioni ya dola juu yake, NFL ilianza kulihesabu rasmi mwaka 1982. Willis alikuwa amestaafu miaka 29 iliyotangulia. Ukitafuta takwimu zake utakuta ukurasa karibu mtupu, na vijana wa mitandaoni huuonyesha ukurasa huo wakisema: gwiji gani huyu?

Basi alipimwaje? Kwa macho ya waliomkabili, na kwa kura. Kila mwisho wa msimu wachambuzi walichagua kikosi bora cha ligi. Willis alichaguliwa misimu 7 kati ya 8 aliyocheza. NFL ilipoanza tena mechi yake ya nyota, iitwayo Pro Bowl, aliitwa mara tatu za kwanza mfululizo. Na alipimwa kwa mabadiliko aliyoyaleta. Wakati ule timu nyingi ziliweka walinzi watano mstarini, wa katikati akiitwa gadi wa kati, uso kwa uso na senta. Hiyo ndiyo nafasi ya Willis. Kwa sababu ya mbio zake, mara nyingine alisimama na kurudi hatua chache nyuma, akawa anaweza kumfuata mkimbiaji kulia, kushoto au kuzuia pasi. Katika miaka ya 1950 timu zilianza kumwondoa kabisa gadi wa kati mstarini na kumsimamisha nyuma yake, na nafasi hiyo mpya ikawa kiini cha ulinzi mpaka leo. Willis ni miongoni mwa walioonyesha kwamba inawezekana.

Kuna dhana nyingine niiondoe hapa: kwamba watu wa mstari ni misuli bila akili. Zamani hizo hakukuwa na redio ndani ya helmeti. Paul Brown alitaka kuchagua mwenyewe kila shambulizi, basi akawatumia magadi wawili kama matarishi. Mmoja anaingia na neno la kocha, jaribio likiisha anatoka, mwingine anaingia na neno jingine. Mpango mzima wa timu ulipita katika vinywa vya watu wasioruhusiwa kudaka mpira. Katika miaka ya 1950 mmoja wa matarishi hao alikuwa Chuck Noll, ambaye baadaye akiwa kocha wa Pittsburgh Steelers alishinda Super Bowl nne. Alikuwa amesikia mengi akipita mle njiani.

Na kama utakuta imeandikwa kwamba Willis alikuwa gadi wa mashambulizi na pia wa ulinzi, hakuna kosa. Kabla ya 1950 sheria za kubadilisha wachezaji zilikuwa zinabadilikabadilika, na ilikuwa kawaida mtu mmoja kucheza pande zote mbili. Mwaka huo NFL iliruhusu mabadiliko bila kikomo, na tangu hapo kila mtu akawa na upande wake. Willis miaka ya mwanzo alishika zote mbili, kisha akabaki kwenye ulinzi.

Dada yangu mmoja anaishi Marekani. Mwaka juzi alinipigia simu akiwa na unyonge kidogo: mwanawe amepata timu ya shule, lakini kocha amemweka mstarini. "Kaka, si ndiyo kusema hana kipaji? Hata jina halitangazwi kwenye spika." Nilimsimulia habari ya vidole vya Mo Scarry. Nikamwambia akienda kumtazama mtoto asiufuate mpira kwa macho, aushike mstari, amtazame kijana wake tangu anapoinama mpaka filimbi inapolia, na ahesabu ni mara ngapi yule aliye mbele yake amefika alikotaka kufika. Kama ni mara chache, mtoto ana mchezo mzuri, hata asipotajwa.

Kwa nini basi Willis hajulikani kama Robinson? Sababu naziona tatu, na hakuna inayohusu uwezo. Mwaka 1946 besiboli ndiyo iliyokuwa mchezo wa taifa na futiboli ya kulipwa ilikuwa nyuma sana. Alianzia ligi ambayo ilikufa, na ligi iliyobaki ndiyo iliyoandika historia. Na alicheza mahali ambapo kamera haifiki. Macho ya watu hufuata mpira, na picha hufuata macho.

Mlango alioufungua nao haukufunguka mara moja. Timu ya NFL ya jiji la Washington, chini ya mmiliki George Preston Marshall, haikuwa na Mweusi uwanjani mpaka mwaka 1962, miaka 16 baada ya zoezi lile la Bowling Green.

Willis aliacha kucheza baada ya msimu wa 1953, akiwa na miaka 32, baada ya Browns kupoteza fainali ya tatu mfululizo, hiyo ya mwisho kwa pointi moja mbele ya Detroit, 17 kwa 16. Akaenda kufanya kazi ya vijana: kwanza katika idara ya michezo na burudani ya jiji la Cleveland, kisha katika tume ya vijana ya jimbo la Ohio, ambako alifika kuwa mkurugenzi. Mwaka 1971 aliingizwa katika jumba la magwiji wa futiboli ya vyuo, na mwaka 1977 katika lile la futiboli ya kulipwa, lililoko Canton, mji wa Motley.

Tarehe 3 Novemba 2007 Ohio State waliistaafisha jezi yake namba 99, mjini Columbus alikozaliwa. Willis alikuwepo uwanjani, mzee wa miaka 86. Alifariki tarehe 27 mwezi huohuo.